Kulinda njia ya maji na kumpokea rubani wa ndege ya majini katika ziwa Kivu: mwongozo kwa watu wa kujitolea wa Goma na Bukavu

Mwongozo huu ni kwa wale wanaoishi karibu na maji, kuanzia Kituku mjini Goma hadi kwenye ghuba za Bukavu, ambao wako tayari kutoa saa chache kila juma ili njia ya kwenda ziwani ibaki wazi kwa wote, na ili ndege ya majini ikija siku moja kumchukua mgonjwa au kuleta dawa, ikute watu wanaoyajua maji yao na wanaojua la kufanya.

Ndege ya majini si kitu cha kila siku kwetu, lakini nchi hii iliifahamu mapema. Mwaka 1916, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Wabelgiji walirusha ndege za namna hiyo kutoka ziwa Tanganyika. Tarehe 1 Julai 1920 ikafunguliwa njia ya ndege iliyopewa jina la mfalme Albert, ikianzia Kinshasa na kufuata mto Kongo. Mwaka uliofuata ilifika Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, na mwaka 1922 ikafungwa. Ndege zile zilishukia mtoni kwa sababu viwanja vya nchi kavu vilikuwa havijajengwa, na sababu hiyo bado ina uzito kwa vijiji vya kisiwa cha Idjwi na vya pwani ya Kalehe, ambako ziwa liko mlangoni na barabara nzuri iko mbali.

Marekani kuna chama cha marubani wa ndege za majini kilichoanzishwa mwaka 1972, na katika majimbo mengi kina watu wa kujitolea wanaofuatilia habari za maziwa ya kwao. Kazi yao kubwa haiko ndani ya ndege. Wanahudhuria mikutano ya halmashauri, wanazungumza na wenye nyumba za ufukweni, wanaandika ni maji gani yanaruhusiwa na kwa masharti gani, na wanafika mapema pale ambapo ziwa linataka kufungwa. Jambo hilo la kufika mapema ndilo ninalotaka tulichukue, kwa sababu huku kwetu ziwa halifungwi kwa kamba iliyotandazwa majini, linafungwa kwa ukuta unaojengwa nchi kavu.

Hatua ya kwanza: andikeni kila njia inayofika majini

Anzeni na daftari gumu na kalamu ya wino, kwa sababu simu huibwa na huishiwa umeme. Tembeeni pwani yote ya kartie yenu kwa miguu, watu wawili au watatu pamoja, na kwa kila njia inayoteremka hadi ziwani andikeni mambo yafuatayo: jina ambalo wenyeji wanaliita, avenyu inayoanzia, upana wake uliopimwa kwa kamba, nani anaitumia na kwa kazi gani, na hali ya ardhi pale inapokutana na maji. Pigeni picha mkiwa mmesimama juu mkitazama ziwa, kisha nyingine mkiwa chini mkitazama mji, na mwandike tarehe.

Msiwaulize vijana peke yao. Mama anayeteka maji kwa bidoni, mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mzee aliyewahi kufunga mtumbwi wake hapo tangu zamani, hao ndio mashahidi wenu. Katika avenyu yetu kulikuwa na kinjia cha hatua nne kwa upana, kati ya nyua mbili, ambacho akina mama walikipitia kila asubuhi. Tuliondoka kwenda msibani Ijumaa, na tuliporudi Jumatatu tulikuta matofali yamefika kifuani na saruji bado mbichi. Tulipokwenda kulalamika tuliulizwa swali moja tu: mna karatasi gani inayoonyesha kwamba njia ilikuwepo? Hatukuwa na kitu. Tangu siku hiyo ninaamini kwamba daftari lenye tarehe na majina ya mashahidi lina nguvu kuliko kelele za watu mia moja.

Sheria inatupa mahali pa kusimama. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, pamoja na marekebisho ya mwaka 1980, inaweka kitanda cha kila ziwa katika mali ya umma ya Serikali, na inasema kwamba ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma haiwezi kupewa mtu binafsi kabla haijaondolewa rasmi katika matumizi hayo. Kuna pia sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015. Tafuteni nakala za sheria hizo mbili, mzisome pamoja na mtu anayeelewa Kifaransa cha kisheria, na mwandike kwa Kiswahili sentensi zinazohusu pwani. Kisha pelekeni nakala ya orodha yenu kwa chefu wa avenyu, kwa chefu wa kartie na kwenye ofisi ya ardhi, na kila mahali muombe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Muhuri huo mdogo ndio utakaotafutwa siku ya mgogoro.

Mkiona mawe na mchanga vimeanza kurundikwa kwenye njia, nendeni kwa mwenye kiwanja kwanza, kwa heshima, mkiongozana na mzee anayejulikana. Mara nyingi mtu huyo aliuziwa na mwingine na hajui kwamba ndani ya kiwanja chake mna njia ya watu. Msibomoe kitu kwa mikono yenu hata kama haki ni yenu, kwa kuwa siku mtakayoshika nyundo ndiyo siku mtakayogeuka washitakiwa.

Hatua ya pili: jueni mipaka ya kazi yenu

Watu wa kujitolea hawatoi ruhusa ya ndege kutua. Usafiri wa anga unaongozwa na sheria ya tarehe 31 Desemba 2010, ruhusa inatoka kwa mamlaka ya usafiri wa anga, na ziwani kuna komisaria ya ziwa pamoja na huduma za ulinzi. Ziwa lenyewe limegawanywa na mpaka wa Kongo na Rwanda usioonekana juu ya maji, na chombo kilichozima injini huweza kusukumwa na upepo hadi upande wa pili bila mtu kukusudia. Kwa hiyo kila jambo mnalopanga liandikwe, lipelekwe kwa wahusika mapema, na lisubiri jibu. Katika miji yetu iliyopitia vita, ndege inayoshuka majini bila watu kuambiwa inaleta mbio na hofu, na mtoto anaweza kukanyagwa kwa ajili ya ndege iliyokuja kuokoa. Msipige picha za askari wala za vituo vyao, hata kama vinaonekana nyuma ya gati mnalolipima.

Hatua ya tatu: pimeni maji

Hapa ndipo watu wa kujitolea wanapoweza kumpa rubani kitu ambacho hakuna ramani inayompa.

Chukueni kamba ya nailoni ya mita ishirini, mfunge jiwe zito mwisho wake, na kila mita muweke fundo. Kwenye fundo la tano, la kumi na la kumi na tano mfunge kipande cha kitenge cha rangi tofauti, ili vidole vyenye baridi visikosee hesabu. Kaeni ndani ya mtumbwi wakati ziwa limetulia, mmoja akipiga kasia polepole kutoka ufukweni kwenda nje, mwingine akishusha jiwe kila baada ya makasia kumi na kusema kwa sauti, wa tatu akiandika. Jiwe likigusa mchanga kamba inalegea taratibu mkononi. Likigusa mwamba mnausikia mgongo wake, mgumu, na kamba inatetemeka kidogo. Andikeni tofauti hiyo. Upande wa Goma, ambako lava ya Nyiragongo iliingia ziwani mwezi Januari 2002, ufukwe una mawe meusi yenye makali yanayoweza kupasua kielea cha ndege kama yanavyopasua ngozi ya mguu, na kina kinashuka ghafla: hatua chache mko magotini, hatua inayofuata hakuna chini.

Vielea, yaani yale madau mawili membamba yanayoibeba ndege badala ya magurudumu, vimegawanywa ndani katika vyumba visivyopitisha maji. Kwa miaka mingi kanuni za Marekani kwa ndege ndogo zilidai angalau vyumba vinne katika kila kielea, ili viwili vikijaa ndege isipinduke. Hata hivyo ndege iliyopasuka kielea mbele ya Goma haitaondoka siku hiyo. Ninashauri mahali pa kuifungia pawe na kina kisichopungua mita moja na nusu, pasiwe na jiwe linalochomoza, na pawe na nafasi ya mbawa pande zote mbili, kwa kuwa gati linalotosha boti ndefu linaweza kuwa na nguzo au mti unaozuia bawa.

Njia ya kutua na kuruka ni jambo lingine, na ni rubani peke yake anayeamua inamtosha au la. Ninyi mpeni ukweli kuhusu mambo matatu. La kwanza ni urefu wa maji yaliyo wazi, bila mitumbwi, nyaya za umeme wala kisiwa mbele. La pili ni upepo: andikeni kwa majuma kadhaa, asubuhi, mchana na jioni, unatoka wapi na maji yanafananaje. La tatu ni joto. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Kukiwa na nyuzi 25, ndege inajisikia kana kwamba iko kwenye kimo cha mita 2,100 au zaidi kidogo, injini yake inapungua nguvu, mbawa zinashika hewa kwa shida, na mbio za kuruka juu ya maji zinarefuka sana. Ghuba ya Bukavu iliyojikunja kati ya rasi mbili, ambayo kwa macho ni pana, huweza kuwa fupi kwa ndege yenye mzigo.

Wengi wanadhani ziwa lililotulia kama kioo ndilo zuri kwa kutua. Kwa rubani ni hatari, kwa sababu maji yasiyo na mkunjo yanaakisi mbingu, naye anashindwa kujua amebakiza mita ngapi kabla ya kugusa. Asubuhi nyingi za Kivu ziko hivyo. Msaada wenu ni mdogo lakini una maana: kama rubani ameomba, boti ipite mapema kando ya njia yake na kuacha mawimbi madogo, kisha iondoke kabisa kabla hajashuka.

Kuna na hewa mbaya. Katika mabonde madogo ya pwani, hasa magharibi mwa Goma, gesi ya kaboni inatoka ardhini na kukaa chini bila harufu, tunaiita mazuku. Msiweke kituo cha kusubiria mahali pa namna hiyo, wala msimlaze mgonjwa chini hapo.

Hatua ya nne: kaeni na wavuvi kabla ya kukaa na mtu mwingine yeyote

Wavuvi wa sambaza wa Kivu wanafanya kazi usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma. Kutoka juu mtumbwi unaonekana, mti hauonekani. Wavu uliobaki majini, ukishikiliwa na vipande vya kandambili, hauonekani kabisa, na kamba yake ikijizungusha kwenye usukani mdogo ulio nyuma ya kielea, rubani hawezi tena kugeuza ndege. Nimewahi kukata kamba ya namna hiyo kwenye injini ya boti yetu, imekazwa mizunguko mingi hadi imekuwa kama chuma, kisu kikateleza mara tatu kabla ya kuingia. Mwenye wavu alikuwa amesimama ufukweni akitazama mali yake ikikatwa, na hatukuwa tumemwambia kitu.

Kwa hiyo nendeni kwao mchana, wanapokausha nyavu, na mzungumze kama mnavyozungumza na wakubwa: «Papa, kesho kutwa kuna chombo kitashuka hapa kumchukua mgonjwa. Tunaomba mtuonyeshe nyavu zenu ziko wapi, na saa gani mnarudi.» Msiwaambie wahame. Waulizeni ni saa gani maji yako huru, kisha muda wa ndege upangwe kufuatana na jibu lao. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini ziko upande wao pia, kwa kuwa zinasema kwamba ndege iliyoko juu ya maji kwa kawaida ikae mbali na vyombo vyote na isizuie safari zao. Mvuvi akielewa kwamba hafukuzwi, atakuwa mlinzi wenu bora kuliko boya lolote.

Hatua ya tano: tumeni taarifa fupi na sahihi

Taarifa kwa rubani iandikwe na mtu mmoja na isomwe tena na mwingine kabla ya kutumwa. Iwe na mahali kwa namba za latitudo na longitudo, zilizosomwa kwenye simu ya setilaiti au kwenye ramani, mkikumbuka kwamba sisi tuko kusini mwa ikweta na alama ya kusini ikisahaulika mahali panahamia kaskazini mwa ikweta. Iwe na kina, upepo, vizuizi, jina la atakayekuwa ufukweni, na rangi ya bendera yenu.

Saa ndiyo inayoleta makosa. Huku tuna saa tatu kwa wakati mmoja: saa mbili ya asubuhi ya Kiswahili ni saa 8 ya Kifaransa, nayo ni saa 6 katika saa ya dunia ambayo marubani wanaitumia. Katika zoezi letu moja, tukitumia boti badala ya ndege, mmoja wetu aliandika «8» bila kueleza, mwenye boti akaihesabu kuwa saa ya dunia, na wavuvi waliokuwa wamekubali kutuachia maji walisubiri saa mbili nzima juani. Andikeni saa zote tatu kwenye mstari mmoja, kila mara.

Hatua ya sita: siku ya kutua

Fikeni saa moja kabla. Simamisheni bendera ndefu kwenye mti mahali palipo wazi ili rubani aone upepo. Watoto na watazamaji wakae nyuma ya kamba, na mtu mmoja mwenye sauti awe na kazi hiyo tu. Yeyote atakayeingia kwenye mtumbwi avae jaketi la kuokolea. Watu wa Goma hawajasahau boti iliyotoka Minova ikazama karibu na Kituku tarehe 3 Oktoba 2024.

Ndege iliyoko juu ya maji haina breki, na injini ikiwaka tu inasogea. Msiisogelee mpaka rafadha, ile elisi ya mbele, isimame kabisa na rubani mwenyewe awape ishara. Hata hapo msipite mbele yake kamwe. Ipokeeni kutoka pembeni na nyuma, mkishika kamba au mahali atakapowaonyesha, bila kuvuta bawa wala mkia. Upepo huigeuza ndege iuelekee, kama jogoo wa bati juu ya paa, kwa hiyo anayeshika kamba asimame upande ambao hatabanwa kati ya kielea na gati. Mgonjwa apandishwe kwa utaratibu ambao rubani atausema, na hakuna mtu anayevuta sigara karibu na mafuta.

Ikitokea ajali, wekeni akili mahali pamoja. Ndege ya vielea ikikosea huweza kupinduka, na walio ndani hujikuta vichwa chini ndani ya maji. Boti ya uokoaji ifike haraka lakini izime injini mita chache kabla, kwa kuwa petroli huelea. Fungueni mlango kutoka nje, wakateni mikanda, wavuteni nje mmoja mmoja. Wasafiri waambiwe kabla ya safari kwamba jaketi la hewa linajazwa mtu akiwa ameshatoka nje. Mwaka 1996 ndege ya Ethiopia ilipoanguka baharini karibu na Komoro, baadhi ya watu walikuwa wameyajaza wakiwa ndani na hawakuweza kutoka.

Hatua ya saba: kabla na baada ya kuondoka

Muulizeni rubani ametoka katika maji gani. Sambaza tunaokula waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kusudi, lakini mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika alionekana Kivu bila mtu kukusudia kumleta. Gugu maji lililosumbua ziwa Victoria huweza kusafiri kama kipande kidogo kilichonasa kwenye waya wa usukani. Ombeni vielea vipigwe pampu na vikauke nchi kavu kabla ya kuja kwetu, na waya na kamba zitazamwe kwa macho na kwa mkono.

Zoeni taka za ufukweni kama salongo ya kawaida, yaani kazi ya pamoja ya usafi, hasa chupa za plastiki, kwa sababu zile zisizokwama kwenye gati zinaelekea Ruzizi, na Bukavu inajua zinavyoziba mitambo ya umeme pale mto unapotokea ziwani. Andikeni kwenye daftari saa ya kutua na ya kuondoka, jina la mvuvi aliyehamisha wavu wake, na lolote lililoharibika, ili lilipwe. Kisha ondoeni maboya na kamba zenu zote kabla jua halijazama, kwa sababu taa za sambaza zitawashwa muda si mrefu na maji yale ni ya wenyewe.